Wandishi waje na kamera penye maiti, ao waachwe nje?

Dada wa Kituku
Nauliza juu nimechoka. Tarehe 3 Oktoba 2024, ile boti ya kutoka Minova ilipozama ndani ya ziwa Kivu hapa Kituku, Goma, karibu kabisa na bandari, yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, alikuwa ndani. Hakuna mutu alikuja kutupasha habari. Nilikuwa nachagua maharagi, telefone ikalia, nafungua video naona maiti zimelazwa kwa mustari, na kikwembe cha njano chenye upindo niliomushonea na uzi mweusi juu ule wa njano uliisha. Ndivyo nilivyojua. Mama alikuwa nyuma yangu, anaangalia naye. Wangengoja hata siku moja wangepoteza nini?

Mushika Maiki, Katindo
Pole sana dada. Lakini tusipopiga picha wakubwa watasema ni watu wawili watatu. Gavana wa Sud-Kivu alisema 78 siku ileile, kisha hesabu zikaanza kupishana, bila picha ningebisha na nini? Na Kalehe vilevile, Mei 2023, mafuriko ya Bushushu na Nyamukubi yaliua watu zaidi ya 400, nani Kinshasa alijua Nyamukubi iko wapi? Picha zikapita, serikali ikatangaza kilio cha taifa, mablanketi yakakuja. Halafu ile video si yetu, ni vijana wa Kituku wenyewe, walisimama na telefone badala ya kuingia ndani ya maji.

Kadutu243
Apo umesema kweli, siku izi mutu akianguka banatoa telefone kwanza.

Mutoto wa Muvuvi
Weye wa maiki, rudisha iyo maneno! Papa yangu alitoa mutumbwi wake akarudi na watu wane wazima, siku mbili vidole havikunji juu ya kupiga kasia, tulikuwa tunamulisha bugali kwa mukono. Wenye telefone niliwaona, sikatai, lakini wenye kuingia ndani ya maji hakuna kamera iliwafuata. Ulikuwa wapi?

Mushika Maiki, Katindo
Nilikuwa palepale, niliweka maiki chini nikabeba maiti na mikono yangu. Usiniite mwoga.

Mutoto wa Muvuvi
Hakuna mwenye alikuita mwoga. Nimesema urudishe maneno.

Mwana wa Kalehe
Munataja Nyamukubi kama mufano tu, miye ni wa kule. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko, ndiyo maana tulipoteza wengi hivyo, hata watu wa vijiji vya mbali. Mablanketi yalikuja, nashukuru. Lakini leo nikisema hapa Goma natoka Nyamukubi, mutu ananiuliza nilipoteza wangapi mbele ya kuniuliza jina. Zamani walikuwa wanatujua kwa soko. Nani kati yenu alirudi kuuliza kama mashamba yamelimwa tena?

Kadutu243
Wandugu, barabara ya Sake–Minova ilifungwa na vita, kila mama na biashara yake akapanda boti, boti ikajaa kupita kipimo, jile za kuokoa watu ndani ya maji hakuna. Iyo ndiyo wandishi banapashwa kuuliza kila siku.

Dada wa Kituku
Kadutu, ni kweli, ila sikuuliza iyo. Papa wa mutumbwi, Mungu amubariki. Na weye wa maiki, pole yako nimeipokea, lakini haujanijibu juu ya ile siku moja. Jana video imefika tena kwa telefone ya mama. Mwenye iko nayo aifute.