Singapore kwa masaa machache: Kampong Glam, Chinatown au Joo Chiat?

Msafiri wa Kusi: Wakuu, nina masaa 9 ya kusubiri ndege Singapore. Nataka kuziona zile nyumba za kale zilizokarabatiwa, duka chini na makazi juu. Niende mtaa upi?

Jengo la Kale: Joo Chiat iache safari hii. Panda treni uwanjani, shuka kituo kinachofuata, Expo, ubadilishe uingie njia ya buluu hadi Bugis. Hapo Kampong Glam ni dakika 10 kwa miguu. Ukimaliza, kutoka Bugis ni vituo 4 tu hadi Telok Ayer, unapata na Chinatown. Getini unagusisha kadi ya benki, ila kila mtu awe na yake. Kadi moja haipitishi wawili.

Fundi Chokaa: Kwa anayependa ujenzi, Chinatown haina mpinzani. Anzia Telok Ayer na Ann Siang Hill, maana Pagoda Street meza za zawadi zinaziba kuta. Utaona nyumba ni nyembamba, mita 5 au 6 hivi: boriti za mbao zimelala toka ukuta hadi ukuta, na boriti ina mwisho wake. Ndani nyumba inakwenda mbali sana, ndiyo maana katikati huachwa ua mdogo usio na paa, mwanga na hewa viingie.

Ugonjwa wake tunaujua kutoka Mji Mkongwe, Zanzibar. Matofali ya zamani yalipigwa lipu ya chokaa, inayopumua. Ukiziba kwa saruji, unyevu unaopanda toka ardhini hauna pa kutokea. Lipu inavimba, rangi inabanduka, chumvi inatoka kama unga mweupe. Inama uangalie nusu mita ya kwanza ya ukuta. Hapo ndipo kazi ya fundi inajulikana.

Binti Shangani: Mimi kura yangu Kampong Glam. Msikiti wa Sultan uliokamilika 1932 una utepe mweusi chini ya kuba: ni vitako vya chupa za kioo, mchango wa Waislamu maskini. Mchana wa Ijumaa uache kwa wanaoswali. Vaa nguo ya stara.

Halafu vile vibaraza vya mbele vya nyumba, *kaki lima*, yaani futi tano kwa Kimalei, vimetokana na mpango wa mji wa 1822 wa Raffles, Mwingereza mwanzilishi wa Singapore ya kikoloni. Angalia miguu: sakafu ya kila nyumba ina kimo chake, na vigae vikilowa mvua vinateleza. Kwa kigari cha mtoto ni kazi.

Kigae: Jengo la Kale, muda ukiruhusu Joo Chiat inastahili. Ila zile za rangi za Koon Seng Road hazina maduka, ni makazi ya watu. Piga picha ukiwa ng'ambo ya barabara, usipande kibarazani kwa mtu.

Jengo la Kale: Kweli kabisa. Nayo 45 Maxwell Road, pembeni ya Chinatown, kuna maonyesho ya bure yenye mfano mkubwa wa jiji. Ukianzia hapo, mitaa hii yote utaielewa upesi zaidi; Chinatown na Kampong Glam ziko chini ya ulinzi wa kisheria tangu 1989.