Mirihi kwa hesabu: mtu mmoja anahitaji hewa na viazi kiasi gani?

mwl_mbale
Hodi wakubwa. Klabu ya sayansi ina mdahalo: dunia ikiharibika, binadamu wahamie Mirihi. Wanaounga mkono wameng'ang'ania roketi tu. Mimi nataka hesabu za baada ya kufika. Mtu akishajifungia kwenye jumba lake kule, kwa siku anahitaji oksijeni kiasi gani, maji, shamba la ukubwa gani, na ni kitu gani kitamwangusha kwanza? Kama kuna jaribio la kuwaonyesha watoto bila maabara, nisaidieni. Bajeti ni ya makopo na chokaa.

fundi_hewa
Mwalimu, anza na gramu 840. Hiyo ndiyo oksijeni ya mtu mmoja kwa siku, naye anatoa kama kilo moja ya kaboni dioksaidi. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya huu wetu, na asilimia 95 yake ni hiyo hiyo kaboni dioksaidi. Huivuti, lakini unaweza kuipasua. Mashine ya MOXIE iliyobebwa na kigari cha Perseverance ilifanya hivyo kati ya 2021 na 2023: inaikandamiza hewa, inaipasha hadi nyuzi 800 hivi, kisha umeme unaichomoa oksijeni. Iliwashwa mara 16, jumla ikatoa gramu 122. Gawa mwenyewe: hiyo ni pumzi ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu. Ilipokimbia sana ilitoa gramu 12 kwa saa, na mtu anataka 35. Haikushindwa, ilikuwa ya majaribio. Ila watoto wajue kwamba mashine tatu za namna ile, bila kuzimika usiku wala mchana, ndiyo mtu mmoja.

Njia nyingine ni kupasua maji. Maji yasiyofika lita moja yanatosha kutoa hizo gramu 840, lakini yanakula umeme wa uniti 5 hivi. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ya uniti 5 kila siku kwa kupumua tu, hujapasha chumba, na nje wastani ni nyuzi 60 chini ya sifuri! Mwanga wa jua kule haufiki nusu ya huu wetu, halafu kuna vumbi. Dhoruba ya Juni 2018 ndiyo iliyokizima kigari cha Opportunity, kilichotegemea jua.

Maji ya kunywa ndiyo nafuu kidogo. Kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tayari wanasafisha jasho, mvuke wa pumzi na mkojo, na mwaka 2023 walifikia kurudisha asilimia 98.

viazi_teso
Shamba niachieni. Mtu wa kazi anataka kalori 2,500 kwa siku. Gramu 100 za kiazi kitamu zina kalori 86, kwa hiyo ale karibu kilo 3, na kwa mwaka zaidi ya kilo 1,050. Tuseme umetunza vizuri sana, mita moja ya mraba inatoa kilo 2 kwa msimu, misimu mitatu kwa mwaka. Unahitaji zaidi ya mita za mraba 175 za viazi peke yake kwa mtu mmoja. Hapo hujaweka maharage wala karanga, na kiazi hakina protini ya maana wala mafuta. Mavuno ya kawaida ya mashamba yetu ni madogo kuliko hayo, msiwape watoto namba ya ndoto.

Nimechagua kiazi kwa sababu. Mbegu yake ni marando, kipande cha sentimita 30 tu, na majani yanaliwa. Mizizi hukatwakatwa ikaanikwa kuwa amukeke, ikakaa miezi. Huko huwezi kutegemea kwamba kila msimu utakubali.

Udongo sasa. Chombo cha Phoenix mwaka 2008 kilikuta pakloreti, chumvi yenye klorini, kwenye udongo wa Mirihi, na kiasi chake ni kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito. Inaizuia tezi ya shingo isichukue iodini, kwa hiyo ukila mboga zilizoifyonza unajitafutia rovu. Huyeyuka kwenye maji, basi udongo unaoshwa. Kazi ni kuyasafisha tena hayo maji ya kuoshea, maana huna pa kuyamwaga na huna ya kupoteza.

mzee_ikweta
Ssebo mwalimu, waulize kwanza dunia inaisha kwa nini. Kama ni jua, bado kuna kama miaka bilioni moja kabla joto lake halijazikausha bahari. Kama ni kimondo, kile kilichowamaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita kilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi, na baada yake hapa bado kulikuwa na oksijeni, maji na udongo unaootesha. Handaki lenye chakula cha miaka kumi hapa hapa linawashinda wote wa Mirihi kwa gharama.

Tena kimondo kinasukumika. Septemba 2022 chombo cha DART kiligonga Dimorphos, kijimwezi kinachozunguka kimondo kikubwa zaidi, na mzunguko wake wa saa 11 na dakika 55 ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Usiku wa kuamkia 14 Aprili 2029 kimondo cha Apophis kitapita kilomita 32,000 hivi juu yetu, na kutoka Afrika kitaonekana kwa macho matupu. Hakitatugonga.

nyabo_kemia
Mzee ana hoja, lakini mwalimu aliuliza kitakachomwangusha mtu kwanza. Ni udongo wenyewe, na jambo hilo lilishatokea.

Biosphere 2, jumba la majaribio lililozibwa kabisa huko Arizona, Marekani: watu 8 walifungiwa tarehe 26 Septemba 1991 kwa miaka miwili, na shamba la nusu eka hivi. Walikonda, na viganja vikaingia rangi ya chungwa kwa viazi vitamu. Lakini kilichotisha ni hewa. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi 14.2 katika miezi 16, ikabidi waingiziwe kutoka nje. Udongo ulikuwa umejazwa mboji nyingi, bakteria wakawa wanakula na kuvuta oksijeni kuliko mimea ilivyoweza kurudisha. Kaboni dioksaidi nayo haikupanda kiasi kilichotarajiwa, watu wakachanganyikiwa: imekwenda wapi? Zege la kuta lilikuwa linaimeza na kuigeuza chokaa ngumu.

Hapo ndipo hesabu ya viazi_teso inapokuwa na mtego. Kiazi unachokila kilitoa oksijeni inayolingana na ile utakayoitumia kukichoma mwilini. Lakini marando yasiyoliwa yakioza, yanaidai yote yaliyoitoa. Ukiyaacha yaoze haraka kuliko mimea mipya inavyokua, unapungukiwa.

Jaribio: makopo matatu ya plastiki angavu ya peremende, ya lita 5. La kwanza kilo 1 ya udongo mtupu. La pili kilo 1, nusu udongo na nusu mboji. La tatu tupu. Udongo uwe na unyevu wa kushikana ukiukamua bila kuchuruzika. Ndani ya kila kopo weka glasi yenye mililita 50 za maji ya chokaa, funga, zungushia selotepu, weka gizani. Tazama baada ya saa 24 na 48. Maji ya chokaa ya kopo lenye mboji yatatangulia kuwa kama maziwa, kisha utando mweupe juu, maana chokaa inaimeza kaboni dioksaidi. Huo ndio ukuta wa Biosphere 2.

mwl_mbale
Webale, nyabo. Chokaa ipi? Dukani kuna ya kupaka ukuta na ya shambani.

nyabo_kemia
Ya ukuta, na mfuko usiwe umekaa wazi. Ya shambani mara nyingi ni mawe yaliyosagwa, imeshashiba kaboni dioksaidi, haitafanya kitu. Idondoshee siki: ikitoa mapovu mengi, rudisha. Kijiko kimoja kwa lita ya maji, tikisa, acha usiku kucha kwenye chupa iliyofungwa, mimina ya juu yaliyo angavu tu. Yanaunguza macho, asimimine mtoto. Na msiache wiki mbili: kaboni dioksaidi ikizidi, ule weupe unaweza kuanza kuyeyuka, mkadhani hakuna kilichotokea.