Kabureta za jenereta na pikipiki: tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Nina saluni Mbagala, na umeme ukikatika jenereta yangu ndogo ndiyo mkombozi. Wiki iliyopita niliivuta kamba mpaka bega likauma. Ikawaka kwa choki tu. Nikirudisha choki inakohoa, inazima. Fundi wa kwanza akasema kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, ninunue nyingine.

Nikampelekea mzee mmoja wa Tandika. Alifunga koki ya petroli, akalegeza boliti ya chini, kibakuli kikatoka na petroli ya rangi ya chai ya rangi, inanuka kama vanishi. Akachomoa jeti, kidude cha shaba kifupi chenye tundu la kupitishia petroli, akakielekeza juani. "Chungulia, mwanangu." Sikuona mwanga hata chembe. Petroli ilikaa humo miezi minne ikageuka gundi. Choki inabana hewa, ndiyo maana yale mafuta kiduchu yaliyopenya yalitosha kuiwasha.

Alipitisha uzi mmoja laini wa waya wa umeme, akapiga upepo wa kompresa. Nilitaka kumpa pini, akakataa kabisa: tundu halifiki milimita moja, ukilikwangua na chuma linapanuka na mashine inaanza kunywa mafuta. Nililipa ufundi tu. Inaniuma nikifikiria wangapi wanatupa kabureta nzima. Nanyi yamewakuta yapi?

*Wa Gongo la Mboto:* Mimi ni bodaboda. Masika pikipiki ilikuwa inakata moto kila nikiongeza mwendo. Nililegeza skrubu ya kumwagia chini ya kibakuli, nikakinga kwenye kizibo cha chupa. Maji yalijikusanya chini ya petroli kama shanga. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa palepale jeti inapovuta. Nikamwaga na tanki pia, maana ukisafisha kabureta peke yake, baada ya siku mbili tu maji yanarudi.

*Wa Kigamboni:* Yangu ilikuwa inavujisha petroli, plagi nyeusi, imelowa. Nikabadili sindano inayofunga petroli, wapi! Kumbe floti, lile boya la ndani ya kibakuli, imetoboka. Ukiitikisa sikioni unasikia petroli inacheza ndani. Ikiwa nzito haielei, sindano haifungi.

*Wa Tegeta:* Kabla hamjafungua chochote, angalieni mfuniko wa tanki. Mashine yangu ya kukatia majani ilikuwa inazima kila baada ya dakika kumi. Nimefungua kabureta mara tatu bure. Siku moja nalegeza mfuniko, nikasikia fyuuu. Tundu la kupumulia limeziba, petroli haishuki.

*Wa Mbagala:* Asante kaka, la mfuniko sikulijua. Mimi siku hizi nikimaliza kazi nafunga koki, naiacha ingurume mpaka izime yenyewe, kibakuli kibaki kikavu. Ila bado kuna jambo: ikiwa haina mzigo mlio unapanda, unashuka, unapanda. Nikiwasha draya inatulia.

*Wa Kigamboni:* Hiyo ni jeti ya sailensa, ile ya injini ikinguruma bila mzigo, dada. Jenereta nyingi za aina hiyo zinayo juu, chini ya skrubu ya sailensa, na tundu lake ni dogo kuliko la ile kubwa. Mwambie mzee aitoe hiyo nayo.

*Wa Mbagala:* Nimetoka kwake sasa hivi. Kweli, hiyo hakuigusa mara ya kwanza. Imetoka na ukoko wa kijani. Sasa inanguruma mlio mmoja.