Kaa kwato wanalindwa, mbona chamchanga wa Delaware hawaongezeki?

Maji_Mafu:
Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu chamchanga kifua-chekundu (Calidris canutus rufa), yule ndege wa pwani anayetoka Tierra del Fuego hadi Aktiki ya Kanada na kutua Ghuba ya Delaware, mashariki mwa Marekani, mwezi Mei kula mayai ya kaa kwato (horseshoe crab). Jimbo la New Jersey lilipiga marufuku kuvuna kaa hao mwaka 2008, na tangu 2013 mgawo wa majike wa ghuba hiyo, yaani idadi inayoruhusiwa kuvunwa kwa ajili ya chambo, ni sifuri. Lakini Mei 2021 walihesabiwa ndege wasiofika 7,000, ilhali miaka ya 1980 walizidi 90,000. Tatizo limebaki wapi? Na anayejitolea ufukweni afanye nini chenye faida kweli?

Bamvua:
Mkuu, wewe unahesabu kaa. Chamchanga hana shughuli na kaa, anatafuta mayai yaliyo juu ya mchanga, na hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Jike hufukia mayai sentimita 10 hadi 20 chini, fungu moja likiwa na mayai kama 4,000. Mdomo wa chamchanga haufiki huko. Anachokula ni mayai yaliyofukuliwa na mawimbi, au na jike mwingine aliyekuja kutaga palepale. Kaa wakiwa wachache, kila mmoja anapata mahali pake, mafungu hayaguswi, na ndege anatembea juu ya chakula asichoweza kukipata. Ndiyo maana ufukwe wenye kaa "wa kutosha" machoni mwa mvuvi unaweza kuwa mtupu kwa ndege.

Halafu kuna umri. Jike huchukua kama miaka 10 kabla ya kutaga, kwa hiyo aliyeanguliwa mwaka wa marufuku alianza kuchangia mayai karibu 2018. Mwishoni mwa miaka ya 1990 pwani ya Atlantiki ilivunwa kaa zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Shimo hilo halizibwi kwa misimu michache.

Ndege naye hana pa kukimbilia. Kabla ya safari ndefu firigisi yake husinyaa, hivyo hawezi kusaga kome wenye gamba gumu. Anahitaji kitu laini. Anafika akiwa na gramu 120 au pungufu, na anatakiwa afikishe takriban 180 mwisho wa Mei, yaani ndani ya wiki mbili hivi. Akiondoka chini ya hapo anakuta theluji bado imefunika tundra, nyanda za Aktiki anakotaga, wadudu hakuna, na mafuta ya kumvusha hadi atage hana.

Kusini_Kaskazini:
Naongezea joto la maji. Kaa huanza kupanda ufukweni kwa wingi maji yakifika karibu nyuzi 15 za Selsiasi, hasa usiku wa bamvua. Mei ikiwa ya baridi, au upepo ukileta mawimbi makubwa, wanachelewa. Ndege hawachelewi, kwa sababu wameondoka mbali bila kujua hali ya huku. Msimu wa namna hiyo unaharibika hata kama kaa wapo.

Mchanga_Mkavu:
Kwa kazi ya ufukweni:

Kaa aliyepinduka mshike ubavuni mwa gamba kwa mikono miwili, umgeuze. Usimwinue kwa mkia: huo ndio anaojigeuzia, na ukiumia kwenye kiungo hataweza tena. Angalia kwanza kwenye mapengo ya mawe na vipande vya zege, wengi hunasa humo jua likawakausha au shakwe wakawatoboa matamvua.

Fukwe nyingi za upande wa New Jersey hufungwa kuanzia 7 Mei hadi 7 Juni. Usiingie bila kibali, hata kwa nia njema, na mbwa asifike kabisa. Kila kundi linaporushwa hewani linachoma mafuta lililokuja kuyatafuta, na shakwe wanarudi kula kabla yao.

Mchanga nao ni kazi. Baada ya kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 fukwe nyingi zilibaki na tabaka jembamba juu ya udongo mweusi wa bwawa. Udongo huo hauna oksijeni, unanuka kama yai bovu, na kaa huukwepa. Kuondoa vifusi na kumwaga mchanga mnene kulirudisha sehemu za kutagia, ila mawimbi huuchukua, lazima urudiwe.

Maji_Mafu:
Nimeelewa. Na zile bendera ndogo zenye herufi ambazo watafiti huwafunga ndege miguuni?

Kusini_Kaskazini:
Andika rangi, mguu na herufi zote. Kijani cha ndimu ni Marekani, chungwa Argentina, nyekundu Chile, buluu Brazili, nyeupe Kanada. Herufi moja ikikutatiza, usikisie: ndege aliyekufa ataonekana yu hai kwenye takwimu, na kiwango cha kuishi kitapanda kwa uongo.

Bamvua:
Jambo moja tusilisahau. Mwaka 2022 tume ya uvuvi ya majimbo ya Atlantiki ilipitisha kielelezo kipya cha hesabu ambacho kingeweza kufungulia uvunaji wa majike, kisha ikabakiza sifuri kwa 2023 baada ya watu wengi kupinga. Mgawo hupangwa upya mara kwa mara. Maoni ya wananchi yakifunguliwa, andikeni kuhusu mayai yaliyo juu ya mchanga kwa kila mita ya mraba, msiishie kwenye idadi ya kaa.