Kadi gani ya grafiki inaingia OptiPlex 7010?

Wakuu nina Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba, i5, ram 8, nataka kucheza gemu na kuedit video kidogo, kuna jamaa ananiuzia RX 580 ya GB 8 bei poa, nichukue?

> Achana nayo mkuu. Inakula wati 185 na inataka waya wake wa umeme, pawasaplai yako yote wati 240, na hata kwenye kasha haiingii 😂

> Tafuta GTX 1650 ya kimo kifupi, wati 75 tu, inavuta umeme kwenye mazabodi yenyewe

> halafu hizo 580 nyingi zilitumika kuchimba Ethereum (sarafu ya mtandaoni) miaka hiyo kabla ya 2022, feni hoi

Duh, na advansi nshatoa