Tupeane uzoefu: kughani mashairi ya mapenzi kwa rap, sekondari za Mwanza

Chaki_Kirumba: Wakuu, shairi la mizani (silabi) 16 kila mshororo, ukwapi (nusu ya kwanza) 8 na utao (nusu ya pili) 8, mnalikalishaje kwenye biti?

Malenga wa Nyegezi: Biti iwe mapigo 85 hadi 95 kwa dakika. Mshororo mzima unaingia kwenye baa moja, yaani mapigo manne, lakini kijana atakata pumzi ubeti wa kwanza tu. Ukwapi upe baa yake, utao yake, mizani mbili kila pigo. Mfano: "Mpenzi nakungojea, ziwani jua lazama." Mizani ya 7, yaani "je" na "za", inaangukia pigo la nne, palepale snea, ile ngoma kali ya biti, inapolia, na mkazo wa Kiswahili nao uko hapohapo, silabi ya pili kutoka mwisho. Utadhani watunzi wa zamani walikuwa na biti kichwani. Silabi ya mwisho ikatwe fupi, ndipo pa kuibia pumzi. Kibwagizo waachie darasa.

Mama Vina: Naongezea. "Mpenzi" ni mizani tatu. Wakishika kasi wanaimeza ile M, ukwapi unabaki na 7, snea inagonga "a" badala ya "je". Wapige makofi kila silabi kabla ya kuwasha biti. Na r na l zetu za Kanda ya Ziwa, jamani! Kina cha -ra kikitoka -la, ubeti umekufa.

Chaki_Kirumba: Shukrani, dada. Na soneti za Shakespeare?

Mama Vina: Mistari 14, kila mmoja baa yake. Baa 2 zinazobaki kwenye ubeti wa rap weka kiitikio, upate 16.

Igoma Flow: Mnasahau maana, wakuu. Vijana wanaghani kila kitu kwa hasira, kubembeleza kunageuka ugomvi. "Amina" ya Shaaban Robert ni maombolezo ya mke: shusha biti hadi 70, ondoa ngoma, bakiza besi. Kabla ya mazoezi kila mmoja aseme kwa maneno yake nani anaambiwa, na yuko wapi. Asiyejua hilo hashiki maiki.

Fundi Spika: Mkirekodi kwa simu, biti msiisikilize kwa blututhi. Inachelewa, sauti nayo inakaa nyuma ya snea. Tumieni waya. Shule za kando ya ziwa, funikeni maiki kwa sponji, upepo wa jioni unafunika konsonanti zote.