Chuo cha sheria "kimekaguliwa na TCU", hiyo inatosha kweli?

mzeewamatombo: Wakuu habari za mchana, naombeni mwongozo. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kapata D mbili na E, anataka sheria tu hasikii la mtu. Kuna chuo cha binafsi huku mkoani wana tawi, ada nafuu, nimewapigia wananiambia ondoa shaka tumeshakaguliwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) tuna ithibati. Sasa hao wakaguzi wanaangalia nini hasa? Maana nikikumbuka yale matokeo mabaya ya 2022 ya Law School (pale wenye digrii ya sheria wanaposomea uwakili) naogopa kuchoma hela ya familia. Halafu mbona cheti walichonitumia wasapu kimeandikwa NACTVET?

kibweta: Mkuu hapo kuna vitu viwili wanakuchanganyia makusudi. NACTVET (ile NACTE ya zamani) ni ya cheti na diploma, digrii ni TCU. Kwa hiyo hicho walichokutumia kinahusu diploma yao ya sheria, LLB (digrii ya sheria) hakiigusi kabisa. Kingine, chuo kusajiliwa ni habari moja na programu kupewa ithibati ni habari nyingine, 2017 TCU ilizuia vyuo 19 visidahili na juu ya hapo ikasimamisha programu 75 kwenye vyuo vingine 22, yaani chuo kipo wazi, geti linafunguliwa kila asubuhi, ila kozi yako haimo. Ingia tovuti ya TCU ushushe kitabu cha mwongozo wa udahili cha MWAKA HUU uitafute LLB chini ya jina la chuo. Pointi za dogo zinatosha, D mbili ni 4.0.

wakili_mtarajiwa: Ithibati ithibati... wale 633 wa Law School 2022, ambao waliofaulu moja kwa moja ni 26 tu, wote walikuwa na LLB zinazotambuliwa, la sivyo wasingepokelewa pale. Ukaguzi umesaidia nini sasa?

Mama Tesha: Wakili usilaumu vyuo peke yake, hata Law School yenyewe ilinyooshewa kidole ndo maana waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Ndumbaro, akaunda kamati ya uchunguzi chini ya Mwakyembe.

Kuhusu swali la ndugu yetu, nimewahi kufundisha chuo fulani sikitaji na nimekaa upande wa wanaokaguliwa. Wanapekua mafaili ya walimu, mikataba na vyeti, nani ana PhD, wanaangalia mtaala, maktaba, chumba cha mahakama ya mazoezi, mitihani iliyopita na ripoti za mtahini wa nje. Shida ni kwamba mnajua tarehe wanayokuja, basi wiki hiyo unaona sura hujawahi kuziona ofisini, mtu ni mwajiriwa wa chuo kingine kabisa ila siku hiyo ana meza na jina mlangoni, na vitabu vingine vina muhuri wa maktaba ya watu 😂 Mimi maktaba hainisumbui sana siku hizi, hukumu za mahakama ziko bure kwenye tovuti ya TanzLII, mwalimu ndo kila kitu. Nenda pale siku ya kawaida, sio siku ya maonyesho, wakamate wanafunzi wa mwaka wa tatu uwaulize Sheria ya Ushahidi na Mwenendo wa Madai anafundisha nani, na huyo mtu anashinda chuoni au anatokea Jumamosi anamwaga noti za muhula mzima anaondoka.

otieno_wa_kisumu: Huku Kenya ni tofauti kidogo, kuna CLE, hilo ni Baraza la Elimu ya Sheria, liko kwa sheria ya 2012 na linakagua shule za sheria zenyewe, mpaka masomo 16 ya lazima kwa LLB wameyaandika. 2015 waliagiza Moi wafunge shule ya sheria, na hiyo ni chuo cha serikali! Lakini hata huku kuna vuta nikuvute, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nayo inasema ithibati ni kazi yake, mwanafunzi anabaki katikati.

kibweta: @mzeewamatombo nimesahau, angalia na kampasi. Ithibati ya makao makuu haibebi tawi.

mzeewamatombo: Nimekishusha wakuu. LLB yao ipo, ila ya makao makuu tu, tawi la huku halimo hata kwa dawa. Nimewapigia tena nikamsomea dada wa udahili ukurasa wenyewe, akasema ngoja nimuulize bosi, simu ikakatika na sasa haipokelewi. Mama Tesha na Kibweta Mungu awabariki, dogo namtafutia pengine.